Ndoo ya Saa Kumi na Mbili na Nusu

Mabwawa ya majitaka yalikuwa bondeni, mwisho wa barabara ya vumbi ambayo haikufuatwa na mtu ila mwenye shida nayo. Yalikuwa manne, yamepangwa kama ngazi, kila moja likimwagia lililo chini yake. La kwanza lilikuwa jeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, la pili la kijivu, la tatu la kijani. La nne lilikuwa angavu kiasi kwamba bata wa porini walishuka kuogelea. Kutoka hapo maji yaliteremka kwenda mtoni yakiwa yamesamehewa.

Neno hilo la kusamehewa lilikuwa la mhudumu wa mabwawa mwenyewe. Mtu akifanya kazi peke yake kwa miaka mingi hujitafutia maneno ya kuibeba. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, lakini mjini walimwita Mzee wa Mabwawa, na wengi waliomwita hivyo hawakuwahi kuiona sura yake.

Aliishi hapohapo, katika chumba kimoja kilichopakana na stoo ya vifaa. Alikuwa na kitanda, jiko la mafuta, meza na kiti kimoja. Kiti cha pili kilivunjika mguu mwaka juzi na hakukitengeneza, maana hakuona nani angekikalia.

Kila alfajiri alipiga magoti juu ya gunia, akasali, akavaa gambuti zake na kushika reki. Kazi ya kwanza ilikuwa kwenye chemba ya kuingilia, pale majitaka yanapopokelewa na kupita kwenye vyuma vya kuchujia. Hapo alivuta matambara, kandambili, mifuko ya plastiki, na siku moja meno ya bandia, ambayo aliyaosha na kuyaweka dirishani mwezi mzima yamngoje mwenye nayo. Hakuna aliyejitokeza. Nani angekubali kuuliza?

Mabomba mawili yaliingia katika chemba ile. Bomba kubwa lilitoka mjini, na kwa bomba hilo aliwajua watu wote bila kumjua hata mmoja. Siku ya gulio aliijua kwa povu la sabuni jioni yake. Shule zikifungwa, maji ya saa nne yalipungua. Msiba mkubwa ukitokea, mtaa mzima uliosha vyombo kwa wakati mmoja, na maji yalikuja na ukungu wa mafuta. Akasimama pale na reki yake, akawaombea wafiwa wasiojua kama yeye yupo. Naye, siku asingeamka, mji ungejua baada ya wiki, kwa harufu.

Bomba la pili lilikuwa dogo. Lilitoka mlimani, kwenye nyumba za kiwanda, zile zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba kilichofungwa zamani. Nyumba kumi na moja zilikuwa zimeunganishwa na bomba hilo. Mabomba ya uani yalipoanza kupasuka, wenyeji waliomba mafundi wa manispaa, wakangoja, wakachoka, wakachimba vyoo vya shimo. Nyumba iliyobaki kwenye bomba ilikuwa moja tu, nyumba ya marehemu baba yake. Ndani yake aliishi dada yake, mkubwa wake kwa miaka tisa, mjane, peke yake.

Kila siku, saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, bomba dogo lilikohoa. Kisha uzi wa maji ulichuruzika, mnene kama kidole gumba, kwa dakika mbili au tatu, ukakatika. Hayo yalikuwa maji ya dada, yaliyotoka kwake saa kumi na mbili na nusu na kusafiri robo saa. Mzee wa Mabwawa alivua kofia.

"Shikamoo, dada," aliyaambia maji. Kisha akasema, "Amina," akavaa kofia na kuendelea na reki.

Ndugu hawa hawakuwa wameonana kwa miaka mitatu, na kutoka mabwawani hadi mlango wa dada ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

Ugomvi wao ulianza siku ya kumzika mama yao. Alfajiri ya siku hiyo simu ya Mzee wa Mabwawa iliita. Bomba la hospitali lilikuwa limeziba, na uchafu ulikuwa ukipanda sakafuni katika wodi ya wazazi, ambako wanawake wawili walikuwa na uchungu. Mwenye gari la kunyonya vyoo alikuwa safarini. Fito za kuzibulia zilikuwa kwake tu. Akajiambia ni kazi ya saa mbili, atawahi. Ilikuwa kazi ya saa saba. Mwishowe akalivuta kutoka bombani shuka zima la kitanda, limejisokota kama kamba, akapanda mlima mbio na nguo zilezile alizokuwa nazo.

Alikuta watu wamesharudi kutoka makaburini, wanakula. Dada yake alisimama barazani, macho mekundu, akamtazama kuanzia gambuti hadi kofia.

"Kumbe mavi ya watu yana haraka kuliko mama yako," alisema, na sauti yake ilifika kila mkeka. "Basi nenda kaoge kwanza, ndipo uje kulia."

Kuna mtu alicheka. Labda alicheka kwa aibu tu, lakini alicheka.

Akaenda kuoga. Akaoga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akajikausha, akakaa kitandani. Hakurudi. Ni kama tangu siku hiyo alikuwa bado anaoga.

Hasira ilipoisha, aibu ilichukua nafasi yake, na aibu haina haraka ya kuhama. Mwezi ukawa mwaka. Lakini kila asubuhi maji yalikuja, na yeye akashukuru Mungu kwamba dada yupo, ameamka, ameosha uso wake. Hata siku za mgao, mabomba ya mji mzima yakiwa makavu na bomba kubwa likitoa mate tu, bomba dogo lilikohoa kwa wakati wake. Akawaza, dada amenunua tangi. Vizuri.

Kisha ikaja Jumanne ambayo bomba halikukohoa.

Alisimama pale kofia mkononi hadi saa moja na nusu. Akajiambia, mtu mzima ana haki ya kulala. Jumatano alifika mapema, akasafisha mdomo wa bomba kwa brashi kama anayempangusa mtoto. Halikutoka tone. Siku hiyo alikosea kusoma kipimo cha maji mara mbili, akaacha reki imelala katikati ya njia, akaikanyaga, mpini ukampiga pajini. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na mshindo huo aliusikia kifuani usiku kucha.

Alhamisi, dereva wa gari la kunyonya vyoo alifika mapema kumwaga mzigo wake. Dereva huyo alijiita Rubani, kwa jinsi alivyoendesha. Alimkuta mwenziwe amechuchumaa mbele ya bomba kavu.

"Mzee wa Mabwawa! Unaliombea bomba au linakuombea wewe?"

"Halijatoa maji siku ya tatu leo."

"Hilo dogo? Si ni la nyumba moja tu?"

"Ni la dada yangu."

Rubani alishusha mpira wa gari polepole. Miaka sita alikuwa akija pale, na hakuwahi kusikia kwamba mtu huyu ana dada.

"Ana simu?"

"Namba yake ninayo ya zamani. Haipatikani."

"Basi panda ukamwone, ndugu yangu. Wewe unachunguza bomba kama daktari wa meno, na mwenye meno yuko pale juu!" Akaonyesha mlima kwa kidevu. "Damu ni nzito kuliko maji."

"Hujayaona vizuri maji ya hapa kwetu," alisema Mzee wa Mabwawa, na Rubani akacheka mpaka akashika mlango wa gari. Lakini mwenziwe hakucheka. Alikuwa ameinuka kuzifuata fito zake.

"Huenda limeziba," alisema. "Nitaanza na chemba ya kwanza."

"Fito za nini? Nenda mikono mitupu!"

Hakuweza kwenda mikono mitupu. Mtu aliyefukuzwa mlangoni akiwa ndugu huona ni rahisi kurudi akiwa fundi. Alibeba fito begani, ndoana ya kufungulia mifuniko mkononi, akaanza kupanda.

Kati ya mabwawa na nyumba ya dada kulikuwa na chemba saba. Kanuni ya kuzibua ni nyepesi. Unaanza chini, unafungua moja baada ya nyingine. Ukikuta kavu, tatizo liko juu yake. Ukikuta imejaa, umelipita, liko nyuma yako. Chemba ya kwanza ilikuwa kavu. Aliacha mfuniko wazi, akaweka jiwe la alama, akapanda. Ya pili, kavu.

Kabla ya ya tatu alisimama, akatua fito chini na kusali. "Ee Mungu," alisema, "nipe uchafu." Labda hakuna mtu mwingine aliyewahi kuomba hivyo, lakini aliomba kwa moyo wote. "Nipe chemba iliyojaa, Bwana. Nipe matambara, nipe mizizi, nipe hata shuka zima. Usinipe kavu."

Ya tatu ilikuwa kavu. Ya nne ilikuwa kavu, na ndani yake mjusi aliota jua lililoingia ghafla. Akazidi kupanda, na fito zilizidi kuwa nzito, na alijua kuwa uzito huo si wa fito. Alianza kumwona dada yake ameanguka jikoni. Akamwona siku ya kwanza ameanguka, siku ya pili anaita, siku ya tatu haiti tena. Na yeye siku zote tatu amesimama bondeni na kofia mkononi, anangoja maji yamjulishe. Miaka mitatu alikuwa amemshukuru Mungu kwa ajili ya maji. Yalimtosha. Hilo ndilo lililomchoma sasa, kwamba yalimtosha.

Ya tano. Ya sita.

Ya saba ilikuwa uani kwa dada, chini ya kamba ya kuanikia nguo. Kamba haikuwa na nguo. Akapiga magoti, akachomeka ndoana, akainua mfuniko. Buibui alikuwa amefuma utando kutoka ukuta hadi ukuta, utando mzima, hata tone moja halikuwa limeupasua.

Basi hakuna kilichoziba. Hakuna aliyemwaga.

Aliinuka akaufuata mlango, na alipofika alisahau kuwa ni fundi. "Dada!" aliita. "Dada, ni mimi!" Akapiga mlango kwa kiganja, kisha kwa ngumi, na ndipo alipoliona kufuli. Lilikuwa limefungwa kwa nje.

"Utauvunja huo mlango, na mwenyewe ameniachia niulinde!"

Sauti ilitoka baraza la nyumba ya pili. Mwanamke mnene alikaa nyuma ya cherehani, tepu shingoni, pini mbili mdomoni. Alikuwa fundi wa nguo, amehamia pale kama miaka miwili, na Mzee wa Mabwawa hakuwahi kumwona.

"Habari za asubuhi, mama," alisema, pumzi zikimwishia. "Mwenye nyumba yuko wapi? Yuko hai?"

Fundi wa nguo alitoa pini mdomoni, moja, kisha ya pili. Alitazama gambuti. Alitazama fito. Akaitazama chemba iliyofunuliwa uani, na mkono wake ukaenda mdomoni.

"Yesu na Maria, nimekwisha," alisema. "Wewe ndiye mdogo wake. Wa kule chini."

"Yuko hai?"

"Yuko hai, baba, yuko hai! Kaa chini kabla hujaanguka. Amekwenda kufanyiwa macho. Mtoto wake alikuja kumchukua Jumatatu mchana, hospitali ya rufaa. Mtoto wa jicho, yote mawili. Mbona alikuwa haoni tena, akinisalimia anasalimia mlango."

Mzee wa Mabwawa alikaa kwenye ngazi. Alisema "Asante, Mungu" mara nyingi, mpaka ikawa kama anahema.

"Mimi ndiye mkosaji," fundi wa nguo aliendelea. Alipoanza kukiri hakuweza kuacha. "Aliniachia ufunguo akaniambia, mwenzangu, kila siku saa kumi na mbili na nusu, ingia jikoni, mwaga ndoo moja kwenye sinki. Ndoo nzima, usinipunguzie. Nikamwambia, dada, maji yenyewe ya kuhangaikia, nimwage bure? Akasema si bure. Akasema, kule chini kuna mdogo wangu anayangoja, yasipofika atadhani nimekufa. Nikasema moyoni, eh, uzee umeingia. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Jumanne nikalala. Jumatano nina nguo za harusi. Nisamehe, baba. Sikujua kama kuna mtu kweli."

Alisikiliza bila kuinua kichwa. Alikumbuka mezani, zamani sana, mwezi wa kwanza wa kazi yake, akijisifu mdomo umejaa chakula: dada, maji yako nayajua, yakifika tu najua umeamka. Na dada akacheka, "Kumbe nachunguzwa! Basi nitakuwa nakusalimia."

"Siku za mgao," aliuliza, "alikuwa na tangi?"

"Tangi la wapi? Alikuwa anashuka kisima cha shule, na macho yale, anapapasa ukuta. Nikimwambia nikuchotee, anakataa. Anasema hii ya asubuhi nachota mwenyewe."

Kuku alipita uani, akachungulia chemba, akaondoka.

"Mna nini nyie wawili?" fundi wa nguo aliuliza kwa upole. "Maana wahenga walisema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Mimi ningekuwa nimelima mlima huu wote." Hakungoja jibu. Alitoa simu chini ya vitambaa, akabonyeza, akasikiliza. "Haloo, mwanangu. Mama ameamkaje? Mpe simu. Mwambie kuna mgeni wake hapa." Akampa.

Alifuta mkono kwenye suruali kabla ya kuipokea. Kulikuwa na kelele za wodi, kisha pumzi aliyoijua.

"Nani?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Kisha, "Maji yamefika?"

"Hayakufika. Ndiyo maana nimekuja."

"Huyo mwanamke," dada alisema, "nitamshona mdomo kwa cherehani yake mwenyewe." Kisha akauliza, "Umekuja na gambuti?"

"Ndiyo."

"Umeoga?"

Alitaka kucheka, na kilichotoka hakikuwa kicheko. "Bado, dada."

"Usiingie nazo ndani."

"Siku ile, dada, ilikuwa wodi ya wazazi. Uchafu ulikuwa umepanda mpaka—"

"Najua. Mkunga aliniambia wiki ileile. Watoto wote wawili walizaliwa salama."

"Ulijua? Mbona hukuniita?"

"Mbona hukuja? Mimi mkubwa. Mdogo ndiye anayepanda." Alivuta pumzi. "Nilisema neno baya mbele ya watu. Nilitaka ulisikie vizuri, na ulilisikia. Basi. Nina vitambaa machoni, daktari amesema nisilie, kwa hiyo usinilize."

"Sitakuliza."

"Wiki ijayo wanavitoa. Nikirudi nitashuka niyaone hayo mabwawa yako. Una viti?"

"Kimoja."

"Nitakuja na changu." Kisha akasema, kwa sauti ya zamani ya kumtuma dukani, "Haya, mwaga hiyo ndoo ya leo. Mimi nimechoka." Simu ikakatika.

Fundi wa nguo alimfungulia kufuli, naye akavua gambuti kizingitini, akaingia peku. Jikoni palikuwa pasafi na padogo kuliko alivyokumbuka. Ndoo ilikuwa chini ya sinki, imejaa, imefunikwa na sahani. Dada alikuwa amemwachia fundi wa nguo ndoo ya kwanza tayari, na haikuguswa. Aliinyanyua, akaimwaga taratibu, yote, hakupunguza. Maji yalizunguka, yakaguguma chini ya sakafu, yakaenda.

Alitoka haraka uani, akainama juu ya chemba. Yakaja, yakaupasua utando wa buibui, yakapita, safi kabisa, maji ya kunywa. Yakaingia upande wa pili na kutoweka mlimani.

"Unangoja nini tena?" fundi wa nguo aliuliza kutoka barazani.

"Yafike."

"Yafike kwa nani? Si uko hapa?"

Alisimama peku katika uwanja wa baba yake, akiyafuata kwa akili, chemba ya sita, ya tano, pale kwa mjusi, mpaka kwenye chemba ya kuingilia, ambako hapakuwa na mtu. Yangechuruzika dakika mbili tatu na kukatika, na hakuna ambaye angevua kofia. Kila asubuhi kwa miaka mitatu dada alikuwa amesimama hapa hivi, ameyaachia yaende, asijue kama kuna anayeyapokea au anamwagia bonde tupu. Robo saa ilikuwa ndefu. Alisali akiwa amesimama, na hakuomba kitu.

Kisha akavaa gambuti, akaagana na fundi wa nguo, akaanza kushuka akifunika alizofunua, moja baada ya nyingine. Kabla ya kurudisha kila mfuniko alichungulia ndani. Sakafuni mwa kila chemba, penye vumbi la siku tatu, palikuwa na mstari mwembamba wa unyevu.